Siti za krimu, mawese na dagaa: uchague dawa ipi ya kusafishia ndani ya gari

Swali: Shikamoo fundi. Ninaishi Mwanga, Kigoma, na nina Harrier tako la nyani yenye siti za ngozi rangi ya krimu. Nafanya biashara ya dagaa na mawese, na mzigo ukiwa mdogo naupakia humohumo. Siti ya dereva imeanza kupasuka ubavuni, siti ya nyuma ina doa la mawese, na harufu ya dagaa haitoki hata nikiweka manukato. Vijana wanaoniosha gari wanatumia sabuni ya unga, halafu wanapaka polishi ya viatu ili zing'ae. Dukani nimekuta machupa ya kila aina: ya ngozi, ya dashibodi, ya kila kitu. Ninunue lipi? Au nizivalishe siti makava tu niachane na hayo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kabla hujanunua chochote, hiyo polishi ya viatu isitumike tena, na sabuni ya unga nayo isiguse siti. Nitakueleza sababu, kwa kuwa ukishaielewa utaweza kusimama mbele ya rafu yoyote ya duka na kuchagua mwenyewe bila kumsikiliza muuzaji.

Ngozi ya gari si ngozi ya kiatu. Siti nyingi za ngozi zinazotoka Japani, Harrier ikiwemo, zimepakwa rangi kiwandani na juu ya rangi hiyo likawekwa tabaka jembamba la plastiki laini iitwayo poliurethani. Unapokalia siti yako unakalia hilo tabaka. Ngozi yenyewe iko chini, kama kucha iliyo chini ya rangi ya kucha. Ndiyo maana mafuta unayopaka hayafiki kwenye ngozi. Yanabaki juu, yanakamata vumbi, na vumbi letu la mwambao huu lina mchanga mwembamba ndani yake. Kila ukipanda na kushuka, mchanga ule unasugua tabaka la juu kama msasa mpaka linachakaa. Siti ya dereva huanza kupasuka ubavuni, upande wa mlango, kwa sababu hapo ndipo paja na mfuko wa suruali vinapita kila siku.

Polishi ya viatu ina nta, rangi na viyeyusho. Viyeyusho vinalainisha tabaka la juu, nta inayeyuka gari likisimama juani na kushika nguo, na rangi inaingia kwenye nyufa ndogo ambazo kwenye siti ya krimu hutaweza kuzificha. Sabuni ya unga nayo ina kosa jingine. Imetengenezwa kwa ajili ya nguo na maji mengi ya kusuuza. Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi (namba ndogo) au wa magadi (namba kubwa), cha povu lake kinakaribia 10, wakati ngozi iliyosindikwa hukaa kwenye 4 au 5 hivi. Kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara 10, kwa hiyo umbali huo si mdogo. Tabaka la juu likiwa zima linavumilia kwa muda, lakini sabuni inaingia kwenye mishono na kwenye nyufa, haisuuzwi ikaisha, na ngozi ya pale inakauka na kuwa ngumu. Sabuni ya mche nayo iko hukohuko.

Kuna jambo moja ningependa vijana wanaokuoshea gari walisikie, maana wanasifiwa kwa kinyume chake: ngozi ya gari ikiwa safi haing'ai. Ilipotoka kiwandani ilikuwa na sura iliyofifia kidogo, na ukiigusa inakuwa kavu. Sehemu inayong'aa kwenye usukani au kwenye siti ya dereva ni jasho na mafuta ya mwili yaliyogandamana. Ukiisafisha vizuri, mng'ao unaondoka. Basi chupa yoyote inayokuahidi mng'ao wa kioo kwenye siti, irudishe kwenye rafu.

Sasa ujue siti zako ni za aina gani. Dondosha tone la maji mahali pasipoonekana, mfano nyuma ya siti karibu na sakafu, usubiri dakika moja au mbili. Tone likibaki juu limekaa duara, tabaka la juu lipo na lina kazi. Likizama na kuacha alama nyeusi, ngozi iko wazi au tabaka limekwisha, na hapo maji na sabuni vitumike kwa tahadhari kubwa. Rudia jaribio hilo pale palipopasuka, utaona tofauti. Jambo jingine ambalo wenye magari wengi hawalijui: mara nyingi ngozi halisi iko sehemu unayokalia na unayoegemea tu. Ubavu, mgongo wa siti na milango vimefunikwa kwa ngozi bandia. Ukiitazama kwa karibu, ngozi bandia ina vinyweleo vilivyopangika sawasawa mno, na upande wa ndani ina kitambaa. Haidhuriki kwa sabuni laini, ila viyeyusho na mafuta ya taa vinaifanya iwe ngumu na kukatika.

Dukani, anza na dawa ya kusafishia iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi ya magari na kwamba pH yake imesawazishwa. Kampuni kama Lexol na Colourlock zinatengeneza dawa za namna hiyo, lakini sikutumi Dar es Salaam kutafuta jina. Soma lebo. Ukiona amonia, klorini, petroli au viyeyusho vya jamii hiyo, iache. Ukiona imeandikwa kwamba chupa moja inasafisha injini, rimu, siti na kapeti, iache pia kwa upande wa ngozi, kwa kuwa kinachokata grisi ya injini hakiwezi kuwa laini kwa siti ya krimu. Dawa ya namna hiyo ukiwa nayo tayari, itumie kwenye mazulia ya mpira na kapeti, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 10 za maji. Chupa isiyo na lebo kamili, isiyo na maelekezo wala tarehe, usiinunue hata kama ni ya bei ya chini.

Ukikosa kabisa, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo itakusitiri. Iwe ile isiyo na dawa ya kuulia vijidudu, na iwe matone machache tu ndani ya lita 1 ya maji ya vuguvugu. Pembeni ya hiyo unahitaji brashi yenye nywele laini, hata brashi ya kupakia rangi inafaa, na vitambaa vitatu vya maikrofaiba vya rangi tofauti ili cha sakafuni kisije kikapanda kwenye siti. Vile vitambaa vya kufutia watoto ambavyo wengi huvitumia kwenye usukani vina manukato na mafuta, vingine vina alkoholi, na sifongo jeupe linalouzwa kufutia madoa ukutani ni msasa mwembamba. Vyote viwili viache nyumbani.

Chupa ya pili ni ya kinga, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Usinunue mafuta ya kulisha ngozi. Tafuta kinga ya ngozi ambayo msingi wake ni maji, ambayo ukipaka na kuacha dakika kumi mkono wako unarudi mkavu. Kazi yake ni kupunguza msuguano na kuzuia rangi ya jinzi au kitenge kipya isihamie kwenye krimu. Ipake nyembamba, kwenye ngozi iliyokwisha kusafishwa tu. Ukiipaka juu ya uchafu umeufungia humo.

Kazi yenyewe ifanye kivulini, gari likiwa limepoa. Kwanza ondoa vumbi kavu kwa mashine ya kunyonya vumbi au kwa brashi na kitambaa kikavu, hasa kwenye mishono. Hatua hii usiiruke, maana ukimwagia maji vumbi la Kasulu umekwisha kutengeneza tope, na tope linaingia kwenye mishono likakaa. Kisha tia dawa kwenye brashi, usiinyunyizie siti. Siti zenye vitundu vidogo hunywa maji, na chini ya siti kuna nyaya za eabagi, ule mfuko wa hewa unaofumuka wakati wa ajali, na, upande wa abiria, kihisio cha kujua kama kuna mtu. Sugua polepole kwa duara, sehemu ndogo kwa wakati, futa kwa kitambaa chenye unyevu, halafu kikavu. Milango iache wazi mpaka pakauke. Usukani ufanye kila mwezi, siti kila miezi miwili au mitatu, vumbi kila wiki kuanzia Juni hadi Septemba wakati wa kiangazi chetu. Kwenye mikanda tumia sabuni laini na maji tu. Jiki na viyeyusho vinadhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu hutaujua mpaka siku ya ajali.

Tuje kwenye mawese. Doa la mawese lina vitu viwili ndani yake, navyo huondoka kwa njia mbili. Kuna mafuta yenyewe, ambayo kwenye joto la kawaida huganda nusu na kuyeyuka kabisa karibu na nyuzi 35, na kuna karotini, ile rangi ya machungwa iliyomo hata kwenye karoti. Likimwagika, usisugue. Kwangua kwa ncha ya kijiko au kadi, kisha funika doa kwa unga mkavu wa muhogo, ule wa ugali. Wanga wake unanyonya mafuta. Uache saa kadhaa, kwa doa la zamani uache usiku mzima, uufagie, uweke mwingine kama wa kwanza umebadilika rangi. Ndipo uje na maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo. Maji ya baridi yatayagandisha mafuta na kazi itakuwa mara mbili. Fanya kwa kugusagusa kutoka ukingoni kuelekea katikati.

Kitakachobaki ni kivuli cha njano. Kwenye kapeti au zulia linalotoka, lianike juani baada ya kuosha. Karotini haivumilii mwanga, siku chache za jua zinaififisha sana. Kwenye ngozi usianike, jua litaiumiza kuliko doa. Hapo rudia dawa laini mara mbili au tatu kwa siku tofauti, ukisubiri ikauke katikati. Usishawishike kutumia petroli au mafuta ya taa. Vinalisambaza doa, vinakula tabaka la juu, vinawaka moto, na petroli ina benzini ambayo husababisha saratani. Ndani ya gari lililofungwa unaivuta yote.

Harufu ya dagaa haitoki kwa manukato kwa sababu chanzo chake bado kimo ndani. Samaki wanapooza wanatoa hewa za jamii ya amini, na hizo zinaendelea kutoka maadamu kuna maji ya dagaa yaliyokauka mahali fulani. Anza kutafuta: reli za siti, chini ya zulia la buti na shimo lililo chini yake, mifuko ya milango, matundu ya kufungia mikanda. Dagaa wakavu wanaacha magamba na vumbi ambalo likipata unyevu wa masika linanuka upya. Nyonya vumbi lote, osha kwa sabuni, ndipo utumie siki. Amini ni za upande wa pH ya juu, asidi ya siki inazigeuza kuwa chumvi zisizopaa hewani, na ndiyo maana mama zetu wakimaliza kuparua samaki wanajisugua mikono kwa limao. Changanya sehemu 1 ya siki nyeupe na sehemu 4 za maji, nyunyizia kapeti na plastiki za buti, futa, acha milango wazi. Kwenye ngozi usitumie.

Baada ya kapeti kukauka unaweza kunyunyiza bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, ukaiacha usiku kucha na kuinyonya asubuhi. Usiitumie wakati mmoja na siki. Zinauana zenyewe kwa povu na hakuna inayofanya kazi. Na tafadhali sana, siki au dawa yoyote ya choo isikutane na jiki. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na kibanda cha gari ni kidogo. Amonia na jiki ni hatari vilevile.

Kisha ubadili filta ya hewa ya AC. Kwa Toyota nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, inatoka bila zana kubwa. Filta iliyonyonya harufu ya dagaa kwa mwaka mzima itakurudishia harufu hiyo kila ukiwasha AC, hata siti ziwe safi namna gani. Na mzigo wa kutoka Kibirizi, mdogo wangu, uweke ndani ya beseni la plastiki lenye kingo au juu ya turubai lililokunjwa pembeni kwenda juu. Madumu ya mawese yasimamishwe ndani ya beseni hilohilo. Hakuna dawa itakayoshinda mzigo unaovuja kila wiki. Ukiwahi kubeba chumvi ya Uvinza, tahadhari ni hiyohiyo, kwa kuwa chumvi inavuta unyevu na kuozesha vyuma vya sakafu.

Dashibodi hukuiuliza sana, ila muuzaji atakusukumia chupa yake. Dawa zenye mafuta ya silikoni zinang'arisha, lakini mng'ao huo unajirudia kwenye kioo cha mbele ukiendesha mchana, na huku kwetu Machi na Oktoba jua hupita karibu wima kabisa juu ya vichwa vyetu. Nunua inayobaki bila mng'ao, yenye kinga ya miale ya jua na msingi wa maji, uipake kwa kitambaa. Kamwe isiguse pedeli wala usukani, mguu ukiteleza kwenye breki hakuna cha kukusaidia. Kioo cha redio kifute kwa maikrofaiba kavu, na dawa ya vioo yenye amonia isiguse karatasi za tinti. Ila kinga kubwa ya dashibodi ni pazia la kioo cha mbele na kivuli cha mwembe. Makopo ya kupulizia usiyaache garini. Mengi yameandikwa yasizidi nyuzi 50, na gari lililofungwa juani linaweza kufika huko.

Kwa magari ya wenzako yanayotumia betri ya haiburidi, kama Aqua na Prius, niongeze neno moja: karibu na siti ya nyuma kuna tundu la hewa ya kupoza betri. Maji na povu vikae mbali nalo, na vumbi lake linyonywe.

Siti iliyopasuka haitaponywa na mafuta. Ufa ni tabaka lililokatika, na dawa za dukani zinazodai kuunganisha ngozi zinalainisha kwa siku chache tu. Ikiwa ni nyufa ndogo, fundi wa siti anayejua rangi za ngozi anaweza kuzisafisha, kuzijaza, kupaka rangi ya krimu inayofanana na kuweka tabaka jipya juu. Mwulize anatumia rangi gani. Akikuambia rangi ya mafuta ya kupakia milango, mshukuru uondoke, kwa kuwa itakatika ukikalia mara ya kwanza. Ikiwa ngozi imechanika mpaka kitambaa kinaonekana, mwambie abadilishe kipande hicho peke yake na kuacha siti nyingine kama zilivyo. Ni kazi ya kawaida kwa wanaoshona makochi vizuri, na kipande cha ubavuni kinaweza kuwa cha ngozi bandia bila mtu kutambua.

Makava nakukubalia kwa sharti moja. Angalia ukingo wa nje wa mgongo wa siti za mbele, upande wa mlango. Ukiona kibandiko chenye herufi SRS, kuna eabagi ndani ya siti, nayo hutokea kwa kupasua mshono wa pale. Kava lililobana na kushonwa juu yake linaweza kuizuia au kuielekeza kwingine. Nunua kava lililoachwa wazi upande huo, au funika siti ya nyuma tu ambako ndiko mzigo unakokaa. Na kabla ya kuvalisha, safisha na ukaushe kabisa. Masika ya huku kwetu yanapoanza mwishoni mwa mwaka, unyevu ulionaswa chini ya kava utaotesha ukungu kabla ya Krismasi, na ukungu kwenye krimu unaacha madoa meusi ambayo hakuna chupa niliyokutajia hapa itakayoyatoa yote.